Kuinuka Kabla Baba Hajanawa

Ndugu msomaji, kabla hujaanza kunikosoa, najua. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia za kwetu zinazopita katikati ya mawe, na herufi l na r zinanichanganya mpaka leo. Nimesoma hadi darasa la saba tu. Naandika polepole. Sentensi naifikiria sana kabla sijaiandika, halafu nikishaiandika naiogopa. Aliyekubali kunichapia ameniahidi kwamba atanyoosha makosa bila kugusa maneno yangu. Sijui kama ni kweli, lakini nimempa.

Nawaandikia vijana wanaokaa mwisho kabisa wa benchi kwenye kliniki ya sukari, wakijifanya wamemsindikiza bibi. Mimi nilikaa pale. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Mgonjwa wako ameingia?" Nikamjibu, "Ndiyo, ameingia." Kumbe mgonjwa ni mimi.

Ugonjwa ulianza wakati wa mvua za vuli. Nilikuwa nakunywa maji mpaka tumbo linacheza, na kiu haiondoki. Suruali ikaanza kunishuka. Kazi yangu ni kushona vitambaa vya makochi kwenye karakana moja hapa Igoma, na kazi hiyo inataka macho. Nikaanza kuona uzi kama ni nyuzi mbili. Kuna kochi nililishona mshono ukaenda kombo kama mtu aliyelewa, na fundi wetu akaniuliza kama nimeanza kunywa. Nikanyamaza. Mimi nikiulizwa jambo mbele za watu, ulimi unalala.

Sisimizi walikuja kwenye kona ya choo ninapokojolea. Aliyewaona wa kwanza ni mama mdogo. Huyu ni mke wa baba, alikuja baada ya mama yangu kufariki. Majirani wanamwita Mama Kulwa kwa sababu ana mapacha. Alisimama pale na ndoo yake akiwaangalia wale sisimizi, kisha akaniangalia mimi, halafu akaenda kumwambia baba.

Nataka kusema ukweli wa jinsi nilivyofikiri wakati ule. Nilifikiri ni yeye aliyenifanyia kitu. Nilisema moyoni, huyu mwanamke amejuaje haraka hivyo? Mzee Ndaki, jirani yetu ambaye hula na baba karibu kila jioni, naye alisema maneno ya kuzunguka. "Kijana mwenye afya hakauki hivi hivi," alisema huku anaangalia jikoni. Baba alimega tonge lingine. Lakini mimi yale maneno niliyabeba.

Kliniki walinitoboa kidole, wakaweka damu kwenye kikaratasi, mashine ikaandika namba. Nesi akaitazama, akanitazama, akatoboa kidole kingine. Hapo ndipo nilipoanza kuishuku ile mashine. Kama yenyewe inaaminika, kwa nini amerudia?

Nikapewa vidonge. Nikaambiwa nipunguze wanga, niache soda, nifanye mazoezi kila siku. Vidonge vilinisumbua tumbo mwanzoni, lakini nilivimeza. Mazoezi niliyafanya kwa hasira. Kabla jua halijatoka nilikuwa nakimbia barabara ya Musoma, napanda kilima cha mawe nyuma ya mtaa, nashuka, napanda tena, mpaka naona nyota za mchana. Halafu naenda karakana, nakaa kwenye cherehani kutwa nzima. Jioni nakula, nakaa, nalala. Nilijua nimelipa deni la mwili asubuhi, siku nzima iliyobaki ni yangu.

Nikirudi kliniki, namba bado iko juu.

Nesi aliuliza, "Unafanya mazoezi?"

"Nafanya."

"Kweli?"

Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto anayesema daftari limeliwa na mbuzi. Na mimi nikamwangalia hivyo hivyo. Nikasema moyoni, ama mashine hii ni mbovu, ama kuna mtu nyumbani ananitilia sukari kwenye uji. Toka siku ile nikawa naonja uji kwa ncha ya ulimi kwanza. Ulikuwa na uchungu wa kawaida wa ulezi, lakini mtu akishaanza kushuku, hata uchungu unaonekana kama umewekwa kuficha kitu.

Kwenye benchi nilikuwa nakaa karibu na mzee mmoja wa Kirumba anayeuza dagaa pale Mwaloni. Ana fimbo. Mguu wake wa kushoto hauna vidole. Alipoona nauangalia, akacheka.

"Angalia tu, mjukuu, hauoni aibu. Kiatu cha upande huu hakichakai mbele."

"Pole, babu."

"Nilipoa zamani. Unajua vilikwendaje? Nilichoka na vidonge. Nikaenda kwa mtaalamu wa mizizi, akaniambia niache dawa zote za hospitali, zinagombana na zake. Nikaacha. Nilijisikia mzima kabisa! Nilicheza mpaka kwenye harusi. Halafu nikakanyaga mwiba wa samaki, sikuusikia."

Akaugonga ule mguu kwa fimbo. Wakamwita jina, akaingia.

Maneno yale yalinikaa, kwa sababu jioni ileile nilimkuta Mzee Ndaki nyumbani anamweleza baba habari za mtaalamu wa mitishamba wa kule Usagara, ndugu wa mke wake. Baba alikuwa anasikiliza kwa makini sana. Alinigeukia.

"Mabula, hizo dawa za kliniki umekunywa toka mvua za vuli. Sasa masika inaisha. Umepona?"

"Bado, baba."

"Wamesema nini leo?"

Nikamweleza. Daktari alisema kliniki ijayo nitapimwa kipimo kikubwa, kile kinachoonyesha sukari ya miezi iliyopita, hakidanganywi na kushinda njaa siku moja. Kama hakijashuka, watafikiria kunianzishia sindano.

"Sindano ya kila siku?" baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi sikiliza. Kikishuka, sawa. Kisiposhuka, sitakaa nione mwanangu anachomwa kila siku kama ng'ombe wa chanjo. Tutaenda Usagara, na hivyo vidonge unaviacha."

Mzee Ndaki akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu.

Kabla sijaondoka kliniki siku hiyo, nesi alikuwa amenipa ushauri ambao sikuutaka. Aliniuliza siku yangu inakwendaje toka asubuhi. Nikamweleza kwa maneno machache, mbio, cherehani, chakula, kulala. Akasema, "Hizo mbio zako usizifanye zote mara moja. Zigawe. Ukimaliza kula asubuhi, tembea kidogo. Ukimaliza mchana, tembea kidogo. Usiku vilevile. Usikae chakula kikiwa bado kibichi tumboni."

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu, lakini kwa haraka haraka, kama mtu aliyetumwa."

Nilifikiri ananidharau. Mimi niliyekuwa napanda kilima mpaka natapika nyongo, leo naambiwa nitembee kama bibi anayekwenda kwenye sala ya jumuiya. Nje nilimkuta yule mzee wa dagaa, nikamwuliza kama naye ameambiwa hivyo. Akasema, "Mimi nazunguka meza zangu za dagaa kila nikila. Wenzangu wanadhani nawalinda kunguru." Nikashuku wamepangana, yeye na nesi.

Lakini nilikuwa na Usagara mbele yangu. Nikasema nijaribu.

Asubuhi haikuwa na shida, nakunywa uji, naenda kazini kwa miguu. Mchana wenzangu wakila wanajilaza kwenye makochi ambayo hayajavikwa kitambaa. Mimi nikawa natoka kuzunguka vibanda vya mafundi seremala. Wakasema nimepata mchumba kule. Nikawaacha waamini, ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Shida ilikuwa usiku, nyumbani.

Kwetu wanaume tunakula nje, tumezunguka sinia moja. Baba, Mzee Ndaki, mimi, na mapacha. Baba ametoka Misungwi, lakini meza hakuikubali hata tulipohamia mjini. Na sheria ya sinia kila Msukuma anaijua: mdogo haondoki kabla mkubwa hajanawa. Hata kama umeshiba, unakaa, unasikiliza. Na baba akila hana haraka. Anakula tonge, anaeleza habari ya ng'ombe aliyekufa kabla sijazaliwa, anakula tonge lingine. Akimaliza anakaa hivyo hivyo na mkono wake wenye ugali umekauka, mazungumzo yanaendelea.

Jioni ya kwanza nilimaliza kula, nikanawa, nikainuka. Mazungumzo yakakatika. Nikasema nakwenda chooni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikashuka njia ya bombani, nikarudi. Jioni ya pili hivyo hivyo. Ningeweza kueleza. Mtu mwingine angeeleza. Mimi nilikuwa naandaa sentensi kichwani toka mchana, nikifika kwenye sinia inayeyuka.

Baada ya jioni kadhaa nikaona mambo yamebadilika. Mapacha walikuwa wananiangalia nikila. Mama mdogo alileta ugali na samaki, akauweka bila kusema karibu. Nilipoinuka, baba akasema, "Bebe, wewe Mabula, kaa."

Nikakaa.

"Unakwenda wapi kila ukila?"

"Natembea tu, baba."

"Natembea tu," Mzee Ndaki alirudia. "Mtu anakula chakula cha nyumbani kwao, halafu anakimbilia gizani. Huko gizani chakula kinabaki tumboni au kinarudi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Walidhani natapika. Kwetu mtu akienda kutapika chakula cha nyumba maana yake ni moja, anadhani kimewekwa kitu. Na aliyepika ni mmoja tu.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alikuja mpaka kwenye sinia. Kwetu wanawake hawali pale. Aliinama, akamega tonge upande wangu, palepale nilipokuwa nachovya mimi, akachovya mchuzi wangu, akala. Akatafuna polepole na kumeza. Halafu akafungua kinywa kumwonyesha Mzee Ndaki, kama mtoto aliyemeza dawa.

"Haya, babu," akasema. "Kaa uningoje nife."

Akajifuta mkono kwenye khanga. Alirudi ndani. Nikajaribu kusema, "Ni nesi aliniambia," lakini sauti ilitoka ndogo.

"Nesi gani anamkataza mtu kutulia akila?" baba akasema. "Chakula kinataka kutulia. Hata ng'ombe akishiba analala anacheua."

Sikutembea jioni ile. Nilikaa mpaka baba aliponawa. Nilihisi miguu mizito kama imejazwa mchanga, na sijui kama ni sukari au ni aibu.

Kesho yake baba alichelewa kurudi, nikala na mapacha tu. Nikatoka. Jua lilikuwa halijazama vizuri. Nilipofika karibu na bomba la mtaa nikasikia kandambili nyuma yangu. Nikasimama, zikasimama. Nikatembea, zikatembea. Nikageuka. Mama mdogo.

"Endelea," akasema. "Usinijali."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nataka kujua unatapikia wapi."

"Sitapiki."

"Basi twende."

Tukaenda. Mimi mbele, yeye nyuma, mpaka bombani, tukazunguka lile jiwe kubwa watoto wanakoteleza, tukarudi. Alikuwa anahema. Alikaa kwenye jiwe, akavua kandambili moja akaikung'uta.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu."

"Na ndiyo dawa?"

"Wanasema. Mimi mwenyewe siamini sana."

Akaigeuza ile kandambili mkononi. "Mabula, ule uji. Kwa nini unauonja kama paka anayeonja maziwa ya moto?"

Nikaangalia chini.

"Ulidhani naweka sukari."

Sikujibu.

"Sawa," akasema. "Umeshanijibu." Alivaa kandambili yake. Nilidhani atalia au atanitukana. Akasema, "Sukari yenyewe naificha juu ya kabati watoto wasiilambe, halafu nikutilie wewe bure?" Akainuka, akashuka kurudi nyumbani, na mimi nyuma yake.

Jioni iliyofuata tulikuwa kwenye sinia, baba na Mzee Ndaki wapo. Nikamaliza kula. Nilikuwa nimeshaamua kukaa tu, Usagara na iwe Usagara. Mara nikasikia sauti kutoka jikoni.

"Mabula! Maji yamekwisha! Chukua ndoo!"

Baba akainua uso. "Sasa hivi? Kijana anakula."

"Ameshamaliza, namwona. Au niende mimi na mgongo huu?"

Mtoto akitumwa na mama yake anainuka. Hiyo nayo ni sheria, na inaipita ya sinia. Nikanawa, nikachukua ndoo, nikaenda. Nilipopita mlangoni niliona mapipa ya maji yamejaa mpaka juu. Yeye alikuwa anasugua sufuria, hakuinua kichwa.

Kila jioni ikawa hivyo. Maji yamekwisha. Kiberiti kimekwisha. Nenda kamwangalie kuku yule wa kahawia, hajarudi. Hata mchana wa Jumapili, tukila michembe ya viazi vitamu na maziwa, alinituma kwa jirani kuuliza kama ana ungo, na ungo wetu umening'inia ukutani. Wasichana bombani wakaniita housigeli wa Mama Kulwa. Mmoja aliniuliza kama nitavaa khanga lini. Nilikuwa najaza ndoo naondoka, masikio yanawaka.

Na bado nilikuwa namshuku. Nisiseme uongo. Nilijiuliza anapata nini. Kuna wakati nilifikiri amepata tu mtu wa kumchotea maji bila kulipa. Labda nayo ilikuwemo. Baba naye alianza kushuku. Jioni moja alisema, "Nyumba hii siku hizi inakunywa maji kama zizi." Mama mdogo akamjibu kutoka ndani, "Oga mara mbili basi, usaidie."

Mbio za alfajiri nilizipunguza. Macho yalianza kutulia. Siku moja nilitunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu, bila kuulowesha kwa mate, nikautoa nikautunga tena kuhakikisha. Usiku nikawa siamki sana kwenda chooni. Sisimizi waliondoka, lakini hilo sikuliamini, maana kiangazi kilikuwa kimeanza na huenda wamehama wenyewe.

Siku ya kliniki baba alisema atakuja. Alivaa koti lake la kanisani. Alikaa benchi la mbele, siyo la mwisho, na mimi ikabidi nikae naye, watu wote wanatuona. Damu ilichukuliwa kwa bomba la sindano, siyo kidole. Tukangoja. Walioshinda njaa walikuwa wananong'ona kuhusu chapati. Mzee wa dagaa alipita, baba akamwangalia mguu, kisha akaangalia pembeni.

Tulipoitwa, nesi alisoma jibu, akatabasamu.

"Shikamoo, baba. Imeshuka. Haijafika tunapotaka, lakini imeshuka vizuri. Daktari amesema sindano hapana kwa sasa."

"Marahaba. Imeshukaje?"

"Ametembea kila akila. Na vidonge."

"Ni kutembea au ni vidonge?"

"Vidonge alikuwa anameza toka mwanzo, baba, na ilikuwa haishuki hivi."

"Basi mwili umevizoea sasa."

Nesi akacheka kidogo. "Inawezekana. Sisi hatuwezi kumgawa mtoto wako nusu kwa nusu tuone. Asiache kimojawapo, ndiyo ninachoomba."

Baba alitaka nipimwe tena, mbele ya macho yake, kwa mashine ile ndogo. Nesi akanipima. Baba akaisoma namba mwenyewe, ameshika miwani kama anasoma hati ya shamba. Nilimwelewa. Kumbe huko kushuku nilikurithi.

Njiani kurudi alitembea mbele yangu. Halafu akasema, "Anayekutuma maji kila ukimaliza kula, anajua mambo haya?"

"Anajua."

"Toka lini?"

"Toka siku alipokula tonge langu. Kesho yake."

Akaguna. Jioni Mzee Ndaki alikuja, akauliza kabla hata hajakaa, "Kwa hiyo Usagara ni lini?"

Baba akamega ugali. "Usagara haihami," akasema.

Tulikula. Nilipomaliza, nilisubiri sauti ya jikoni. Ilikuja: "Mabula! Ndoo!" Baba akasema kwa sauti ya kufika ndani, "Muache aende mikono mitupu. Mapipa yanamwagika."

Nilifikiri mambo yamekwisha. Lakini niliporudi baba aliniita pembeni. "Imeshuka, nimeona kwa macho yangu. Lakini nesi ni mmoja na wewe ni mmoja, na mtu mmoja si ushahidi. Inaweza kuwa bahati. Safari ya Usagara nimeisimamisha mpaka kliniki ijayo tu. Tafuta wengine waliofanya hivyo, waseme wenyewe. Nikisikia watu, nitaacha kuuliza."

Ndiyo sababu nimekaa kuandika, mimi ambaye hata salamu naona taabu kuitoa. Wewe mwenye sukari unayesoma hapa, kama umewahi kugawa mazoezi yako, kidogo baada ya kila mlo, badala ya kuyafanya mara moja, niandikie. Sema ulikuwa unafanya kazi gani, ulitembea wapi, nyumbani walisema nini, na namba yako ilikwenda upande gani. Wapelekee hawa waliochapisha, watanifikishia. Usiogope mwandiko. Nitamsomea baba mwenyewe, polepole, neno kwa neno.

Na kama kwako haikusaidia, andika hivyo hivyo, usifiche. Baba akiona wote mmekubali, atasema nimewapanga.